Kupika kwa mkono mmoja

Najua nimepotea, tena nimepotea haswa. Wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimeahirisha mwaka, wengine mmesikia nimerudi Moshi kulea. Hapana jamani, nipo. Nipo Dar, nipo mwaka wa tatu, na Bosi yupo, ana miezi tisa na meno mawili ya chini. Kilichopotea ni mikono yangu tu. Sasa hivi ni saa tano usiku, Bosi amelala na maharage yako jikoni, kwa hiyo mkiona sentensi imeishia njiani mjue kimojawapo kimeniita.

Leo naandika kuhusu kula. Ndiyo, kula. Tangu nijifungue watu wananiuliza kuhusu usingizi, "Unalala kweli?", na kuhusu masomo, "Unasoma saa ngapi?" Swali la "Umekula?" nilikuja kuulizwa na nesi, mbele ya foleni nzima ya kliniki, na nilipotaka kujibu nikakosa la kusema. Nitafika huko.

Bosi alizaliwa Agosti, katikati ya likizo ndefu. Nilikwenda kujifungulia kwa mama, Moshi. Mnaotoka Uchagani mnajua mzazi anavyotunzwa. Siku arobaini sikugusa mwiko! Asubuhi mtori, mchana mtori, jioni supu, usiku mtori tena. Kwa wasioujua, ni ndizi na nyama zinachemshwa pamoja mpaka zilainike, kisha ndizi zinapondwapondwa ndani ya ile supu mpaka inakuwa nzito, unakunywa mpaka jasho linakutoka. Mama alikuwa anasimama mlangoni kuhakikisha bakuli limeisha. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba nanenepa. Akaniambia, "Kunywa mwanangu, hicho si chako peke yako." Nikaona ni maneno ya wazee tu.

Chuo kilipofunguliwa Bosi alikuwa hajafikisha miezi mitatu. Hosteli haziruhusu watoto, kwa hiyo nikapanga chumba mtaani, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu mpaka madarasani. Chumba kimoja, choo cha pamoja, na korido ambayo kila mpangaji ameweka jiko lake mbele ya mlango wake. Baba Bosi anafanya kazi mkoani, anatuma anachopata na anakuja nauli ikiruhusu. Mnaotaka umbea zaidi ya hapo poleni, leo hakuna, hehehe.

Mama mwenye nyumba alikubali kukaa na Bosi nikiwa darasani. Asubuhi nakamua maziwa namwachia kwenye kikombe chenye mfuniko, anamnywesha kwa kijiko, na katikati ya vipindi nakimbia nyumbani kunyonyesha, kwa sababu joto la Dar si la kuacha maziwa mezani mpaka jioni. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, ndivyo tulivyofundishwa kliniki. Nikajipongeza kweli. Chakula cha mtoto natembea nacho, hakuna kupika, hakuna kuosha vyombo! Kuhusu chakula cha mwenye kunyonyesha sikuwa na mpango wowote.

Sasa niwaeleze kupika wali ukiwa peke yako na mtoto wa miezi minne. Unawasha mkaa, analia. Unamchukua, mkaa unazimika. Unamfunga mgongoni kwa mbeleko, unapepea tena, moshi unamwendea yeye, anakohoa. Unamshusha, unamlaza mkekani, unaanza kuchagua mchele, anataka kunyonya. Unakaa kwenye kigoda unanyonyesha, maji yanachemka mpaka yanapungua na huwezi kunyanyuka. Unamimina mchele kwa mkono mmoja, unatia chumvi kwa mkono huo huo, kopo linateleza. Ikifika saa tisa una wali ulioungua chini, mbichi juu, una chumvi kama maji ya Koko Bichi. Mtoto ndiyo kwanza amelala, na wewe una semina saa kumi. Unafunika sufuria unaondoka. Unarudi usiku umeshachacha.

Hiyo ilinitokea mara tatu, nikanyoosha mikono. Asubuhi ikawa chai ya rangi. Mchana andazi moja au mihogo ya kukaanga pale njiani, nakula huku natembea. Usiku, usingizi na njaa vikigombana, usingizi unashinda. Kufikia Desemba nilikuwa navaa suruali zangu za mwaka wa kwanza, na wasichana wa darasani wakawa wananisifia: "Yaani wewe umerudi shepu haraka!" Na mimi nikawa nachekelea. Kumbe nilikuwa nasifiwa njaa.

Kichekesho ni kwamba semesta hiyo hiyo tulikuwa tunasoma sheria za kazi. Siku moja nimekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, maziwa yanavuja nimejifunika kwa daftari, tukafika kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi anapata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akiwa ananyonyesha, mwajiri anatakiwa kumpa nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: na mwanafunzi je? Mimi sina mwajiri, nina ratiba ya vipindi. Hata hivyo zile saa mbili zilinikaa kichwani. Aliyetunga sheria alijua kwamba kunyonyesha ni kazi inayokula muda. Muda wa mama mwenyewe kula sikuuona umeandikwa popote, na mimi pia sikuwa nimeuandika kwenye ratiba yangu.

Februari Bosi akatimiza miezi sita. Hapo sasa ikabidi nipike kweli, maana maziwa peke yake hayamtoshi tena. Na hapo hapo ni wakati wa UE. Nikachagua njia rahisi: uji. Uji mwepesi wa mahindi, kwa sababu unaiva haraka na anaunywa haraka, nami narudi kwenye notsi. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Tumbo linajaa, analala, nasoma. Nikajiona nimepata mfumo.

Kisha masika ikaingia. Mnaijua korido ya nyumba za kupanga mvua ikipiga kwa upande, hakuna jiko linalowaka. Usiku mmoja wa Machi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Niliingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa ulikuwa umeshakolea, hautoi moshi, nikaona hauna shida. Dirisha nikafunga kwa sababu mvua ilikuwa inaingia kitandani. Nikakoroga uji, kichwa kikaanza kuwa kizito, masikio yanavuma. Nikasema ni uchovu, si nimezoea kuchoka? Nikajiegesha kidogo.

Mama mwenye nyumba alikuja kugonga kuomba kiberiti. Aliponiona nafungua mlango nayumba, alinipita kama upepo, akambeba Bosi, akatoka naye koridoni. "Toa hilo jiko! Unataka kumuua mtoto?" Bosi alikuwa amelegea, hafungui macho vizuri. Upepo na matone ya mvua vilipompiga usoni akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Tulipanda bajaji usiku ule ule mpaka zahanati, akaangaliwa, nikaangaliwa, Mungu mkubwa tukarudi salama.

Wadau, hasa mnaopika vyumbani, naomba mnisikilize kwenye hili. Mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya. Unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na wewe unahisi usingizi tu. Jiko la mkaa ni la nje, hata kama mvua inanyesha wiki nzima. Mwisho wa mwezi ule bumu lote lililobaki nikanunua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, nikauweka pale koridoni kwenye kona isiyolowa. Nilikula mihogo ya njiani mwezi mzima kulipia mtungi ule, lakini sijutii.

Aprili tukaenda kliniki. Bosi anapimwa uzito, nesi anaweka alama kwenye kadi, anaiunganisha na za nyuma. Februari, Machi, Aprili. Ule mstari uliokuwa unapanda kama mlima ulikuwa umelala kama barabara ya Dodoma. Nesi, mama mtu mzima hivi, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, mtoto anakula nini?"

"Uji."

"Na nini?"

"Na maziwa yangu."

"Uji mzito au mwepesi?"

"Mwepesi. Anaumaliza haraka."

Hakucheka. Akashika mkono wa Bosi akaukunja ngumi. "Tumbo lake ni dogo kama hivi. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

Nikanyamaza. Akaniambia uji uwe mzito, ukiuchota kwa kijiko usidondoke kama maji, na usiwe uji peke yake. Kuna ndizi, viazi na ugali laini, vyote vya kuponda. Kuna yai, maharage, dagaa waliosagwa, parachichi, mboga za majani, na kijiko cha mafuta. Miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku, kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Kunyonya kuendelee. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Nikawa naandika nyuma ya asaimenti yangu.

Nikadhani tumemaliza. Akauliza, "Na wewe umekula nini leo?"

Ilikuwa saa tano asubuhi. "Chai."

"Na jana?"

Jamani, sikukumbuka. Nilisimama pale nikijaribu kuikumbuka jana na haikuja. Nyuma yangu benchi zima la akina mama limenyamaza linasikiliza. Nesi akashusha sauti. Akasema, "Mwanangu, maziwa mwili utayatoa, utayakopa kwenye mifupa na damu yako. Lakini mama asiye na nguvu hapiki. Asiyepika ndiye huyu anayeleta uji wa maji. Anza na sahani yako."

Nililia kwenye daladala mpaka konda akakataa nauli yangu, hahaha. Nilikuja kusoma baadaye kwamba anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 za ziada kila siku, na mimi nilikuwa nakula hata chini ya nilivyokuwa nakula kabla ya ujauzito. Jioni nikampigia mama. Nilimweleza yote isipokuwa lile la jiko (mama, ukisoma hapa, nisamehe). Nilitegemea anigombeze. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Huko Dar hamna ndizi?"

Basi Jumamosi nikaenda soko la ndizi, Mabibo. Kwa bahati siku hiyo wenzangu wawili wa darasani walikuwa wamekuja kuniletea notsi, wakaamua kunisindikiza. Tukarudi na mkungu mdogo na nyama nusu kilo. Mmoja akambeba Bosi akamtembeza koridoni, mwingine akamenya ndizi, mimi nikashika mwiko. Nusu saa baadaye nikagundua kitu cha ajabu: nilikuwa napika kwa mikono miwili. Tangu nirudi chuo, ilikuwa mara ya kwanza. Sikuunguza kitu, chumvi ilikaa sawa. Tukala mtori watu watatu na nusu, Bosi akapakaa wake mpaka masikioni.

Miezi yote ile nilikuwa nasema sina muda. Nikakaa nikahesabu. Muda ulikuwepo. Saa tatu zinazopotea kwenye wali ulioungua ni muda. Nilichokosa ni mikono, na mikono ilikuwa imejaa hosteli, imechoka kula chipsi mayai, na mimi sijawahi kuiomba. Nilikuwa naona aibu. Nilitaka muone kwamba naweza, kwamba mtoto hajanibadilisha. Kumbe kunibadilisha ndiyo kazi yake.

Siku hizi tuna utaratibu. Tuko wanne, kila mtu anachanga kidogo kutoka kwenye bumu, Jumatano jioni na Jumamosi tunapika sufuria moja kubwa kwangu. Wao wanapata chakula cha nyumbani, mimi napata mikono sita. Diskasheni inafanyika hapo hapo, mmoja anasoma kesi kwa sauti, mwingine anakatakata sukuma wiki. Bosi anapokezanwa kama mpira wa kikapu.

Siku nyingine niko peke yangu, na kuna mambo madogo yanayoniokoa. Nayaweka hapa kwa wenye kuhitaji:

1. Maharage naloweka usiku, namwaga maji yale, nachemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa Bosi akiwa amelala. Yakipoa nayagawa kwenye makopo manne ya siagi, mama mwenye nyumba ananiwekea kwenye friji lake. Kila siku natoa kopo moja, nalichemsha upya.

2. Wali wa blanketi. Huu alinifundisha mama mwenye nyumba. Ukichemka na maji yakikaribia kukauka, unafunika vizuri, unaifunga sufuria kwa khanga na blanketi, unaiweka kwenye kapu. Unazima gesi, unaenda kunyonyesha. Ukirudi baada ya nusu saa umeiva, na haujaungua kwa sababu moto haupo!

3. Chakula cha Bosi kinatoka sufuria ile ile. Nachota chake kabla ya chumvi na pilipili, naponda, naongeza dagaa waliosagwa au kijiko cha mafuta. Anachobakiza hakiwekwi.

4. Vitunguu, karoti na mboga nakata usiku. Kazi ya kisu haichanganyiki na mtoto anayetambaa.

5. Pale ninapokaa kunyonyesha pana chupa ya chai, kikombe cha maji na kitu cha kutafuna, ndizi mbivu au karanga zangu. Yeye akila, na mimi nakula. Hii ndiyo sheria pekee ninayoisimamia bila kukata rufaa.

Nisiwadanganye kwamba mambo yamenyooka. Wiki iliyopita tulikula mkate mkavu siku mbili kwa sababu Bosi alikuwa na homa na bumu lilikuwa halijaingia. Na matokeo ya semesta ya kwanza yametoka, nina sapu moja. Ya somo gani? Sheria za kazi! Kifungu cha 33 nakijua kama sala, na hawakukiuliza. Nitaifanya, na safari hii nitaingia kwenye chumba cha mtihani nimekula.

Juzi Bosi amepata chanjo yake ya miezi tisa, ile ya surua na rubela. Kabla ya sindano akapimwa. Nesi ni yule yule. Akaweka alama, akaunganisha, mstari umeanza kunyanyuka. Haujawa mlima, ni kilima tu, lakini unakwenda juu. Akanitazama juu ya miwani: "Na wewe?"

"Ndizi na maharage, mama. Na yai."

Akacheka, akaniandikia tarehe ya kurudi.

Sasa ombi langu kwenu, halafu niwaache. Mkiwa na mwenzenu darasani aliyejifungua, hongera na nepi tunashukuru sana. Lakini siku moja nendeni kwake mkae saa moja. Shikeni mtoto au shikeni mwiko, achague yeye. Na kabla ya kumwuliza anasoma saa ngapi, muulizeni kama amekula. Akisema "ndiyo" haraka haraka, muulizeni nini.

Na wewe uliye kwenye chumba kama changu unasoma hii kwa simu huku unanyonyesha: kuomba mikono si aibu. Jumatano tunapika, njoo na bakuli lako.

Haya, maharage yanaanza kunukia vibaya na Bosi anajigeuza. Usiku mwema wadau, tutaonana Mungu akipenda na sapu ikipita.